Kampala maji huchemka kwa nyuzi 96, na hiyo ndiyo namba sahihi

Katika madaftari ya kemia ya sekondari kuna namba moja inayofutwa kila muhula. Mwanafunzi anachemsha maji, kipimajoto kinasimama kwenye 96, anatazama kitabu, anakuta 100, basi anafuta na kuandika 100. Mwalimu anaweka vema. Hapo wote wawili wameitupa data iliyokuwa sahihi na kuiweka ya bahari, ilhali Uganda haina pwani.

Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Usawa wa bahari kanieneo hiyo ni kilopaskali 101.3, ndipo 100 ya kitabuni ilipotoka. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, kanieneo ni kama kilopaskali 88, na maji yanachemka karibu na nyuzi 96 za Selsiasi. Kwa hesabu ya haraka, punguza nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Mbarara itakupa 95 na ushee, Fort Portal 95, Kabale kati ya 93 na 94. Ukishuka hadi kwenye Ziwa Albert utapata karibu 98. Kule juu kabisa, kilele cha Margherita cha Rwenzori, mita 5,109, maji yanatokota kwa nyuzi 83 au 84, chai inakuwa chapwa na maharage hayaivi hata ukikesha nayo. Maharage ya Kabale kuchukua mkaa mwingi kuliko ya Entebbe kuna sababu hiyo pia, wala mpishi hana kosa.

Mtego mmoja hapa unawanasa hata walimu. Ukichukua kanieneo kutoka kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, utasoma hektopaskali 1,015 au hapo karibu, uamue kwamba Kampala iko sawa na Mombasa. Programu nyingi zinatoa kanieneo iliyokwisha kurekebishwa kuwa ya usawa wa bahari ili watabiri walinganishe miji. Unachohitaji wewe ni kanieneo halisi ya mahali ulipo. Baadhi ya simu zina kihisi chake; ikisoma kati ya 875 na 885 ukiwa Kampala, iamini.

Sasa, kama namba inabadilika kila ukipanda kilima, utajuaje kitu ni safi? Utajua kwa mstari kulala. Kitu safi kikiwa kinabadilika hali, kutoka yabisi kuwa kimiminika au kimiminika kuwa gesi, joto lake linasimama mahali pamoja hadi mabadiliko yaishe. Mchanganyiko kwa kawaida hausimami. Joto linaendelea kupanda polepole huku kitu kikiyeyuka au kuchemka. Chora grafu ya joto dhidi ya muda, utafute sehemu iliyolala. Kama imelala kwenye 96 na uko Kampala, maji yako yako sawa. Kama imepanda kutoka 96 hadi 99 wakati maji yanazidi kupungua, kuna kitu ndani yake, hata kama wakati fulani ilipita karibu na namba ya kitabuni.

Kabla ya yote kipime kipimajoto chenyewe, na kwa kazi hiyo barafu ni bora kuliko maji yanayochemka. Kiwango cha kuyeyuka hakijali mwinuko: barafu safi inayeyuka kwa nyuzi 0 ukiwa Pakwach na ukiwa juu ya Rwenzori, tofauti ni sehemu ndogo ya mia moja ya digrii. Gandisha maji safi, ponda barafu iwe punje kama mahindi, jaza kikombe, ongeza maji baridi kidogo ya kujaza mianya tu, koroga, ngoja dakika tatu. Kipimajoto cha shule kikisoma 1 au hasi 1, andika kosa hilo kwenye kibandiko ukibandike juu yake na ulitoe kwenye kila kipimo utakachochukua. Vipimajoto vya pombe vyenye mstari uliokatika vinadanganya kwa digrii tatu au nne bila haya. Angalia mstari kabla ya kuanza.

Kwa grafu yenyewe chukua gramu 200 za barafu iliyopondwa, iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, ndani ya bika la mililita 400. Tumia moto mdogo usiobadilika. Sigiri ya mkaa haifai kwa zoezi hili kwa sababu moto wake unapanda na kushuka. Soma kila sekunde 30. Kuyeyusha gramu 200 za barafu kunahitaji kilojuli 67 hivi. Kuyapandisha maji hayo kutoka 0 hadi 96 kunahitaji 80. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji karibu 450. Kwa hiyo, moto ukiwa ule ule na joto lisipopotea sana, barafu ikichukua dakika 5 kuyeyuka, maji yatachukua 6 kufika mchemko, na zaidi ya 30 kukauka. Wanafunzi hushangazwa na hiyo ya mwisho. Nishati yote ya dakika hizo haipandishi joto hata kidogo; inatumika kuzitenganisha molekuli ambazo katika kimiminika bado zimeshikana. Ndiyo sababu mvuke wa nyuzi 96 unaunguza ngozi vibaya kuliko maji ya nyuzi hizo hizo: unapogusa mkono unageuka maji na kuitema nishati ile yote.

Grafu inaharibika kwa mambo machache yanayojirudia. La kwanza ni tungi la kipimajoto kugusa kitako cha bika. Litasoma joto la kioo, na barafu itaonekana inayeyuka kwa nyuzi 5. Lifunge kwenye stendi likae katikati. La pili ni mabonge makubwa ya barafu: maji yaliyoyeyuka yanapata joto pembeni huku bonge likiwa bado linaelea, na mstari unapanda kabla ya wakati. Ponda, na ukoroge kila mara kabla ya kusoma. La tatu ni uvivu. Watu wanazima moto dakika mbili baada ya mchemko kuanza, kisha wanadai wameona mstari umelala. Mchanganyiko nao unaonekana umelala ukiutazama kwa dakika mbili.

Jaribu kuyeyusha gramu 30 za chumvi ya mezani katika mililita 200 za maji uone. Kampala mchemko utaanza karibu na 98 na nusu badala ya 96, kisha utaendelea kupanda kadiri maji yanavyopungua. Halafu utafika mahali, kati ya 104 na 105, ambapo mstari unalala tena! Usikimbilie kuandika "safi". Angalia kitako cha bika: fuwele nyeupe zimeanza kuanguka. Maji yamejaa chumvi hadi hayawezi kubeba zaidi, na kila tone linalotoka kama mvuke linaangusha chumvi yake, hivyo kiasi cha chumvi katika maji yaliyobaki hakibadiliki. Mstari umelala kwa sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo kanuni ya mstari ina upande mmoja tu: mstari usiolala unakuambia kwa hakika kwamba kitu si safi, lakini uliolala unakuomba uangalie tena.

Mfano mgumu zaidi uko kwenye mitambo ya waragi, pombe kali ya Uganda. Ethanoli safi inachemka kwa nyuzi 78.4 usawa wa bahari, Kampala karibu 75. Lakini ukikeneka, yaani ukichemsha na kuupoza mvuke uwe kimiminika tena, mchanganyiko wa ethanoli na maji, hata ukirudia mara mia, hutavuka ethanoli asilimia 95.6 kwa uzani. Mchanganyiko huo unachemka kwa nyuzi 78.2, chini kidogo ya ethanoli yenyewe, na mvuke wake una uwiano ule ule wa kimiminika kilichobaki. Joto linasimama, uwiano hauondoki, kila kitu kinafanana na kampaundi, yaani kitu kimoja ambacho elementi zake zimeungana kwa uwiano usiobadilika. Unawezaje kuufichua? Badilisha kanieneo. Ukikeneka chini ya kanieneo ndogo, uwiano huo unahama, ethanoli inaongezeka. Kampaundi halisi haihamishi uwiano wake kwa sababu umepunguza hewa. Maji ni hidrojeni asilimia 11.2 na oksijeni 88.8 kwa uzani, popote na kwa kanieneo yoyote.

Na kwa kuwa nimeitaja waragi: methanoli inachemka kwa 64.7, na watu wanahitimisha kwamba ukimwaga kikombe cha kwanza umeiondoa yote. Haitoki hivyo. Ikiwa ndani ya maji na ethanoli inasambaa katika sehemu kubwa ya mkeneko. Isitoshe, mwaka 2010 watu wengi walikufa wilayani Kabale kwa waragi iliyotiwa methanoli. Hapo hakuna ufundi wa kukeneka ambao ungewaokoa wanywaji. Kipimajoto cha mitaani hakikuambii kama kinywaji ni salama.

Gesi ya mtungi niipitie haraka. Ni mchanganyiko, hasa wa propani inayochemka kwa hasi 42 na butani inayochemka kwa hasi 0.5. Propani inatangulia kutoka, hivyo mtungi unaokaribia kuisha umebaki na butani nyingi, na asubuhi ya baridi ya nyanda za Kigezi moto huweza kudhoofika ingawa ukitikisa mtungi unasikia kitu.

Kipimo cha kuyeyuka ndicho chenye faida zaidi kwa mtu asiye na maabara, kwa sababu hakisumbuliwi na mwinuko. Chukua vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza nondo. Vyote vinaitwa naftalini sokoni, lakini vingi ni vya aina mbili. Naftalini ya kweli ni kaboni asilimia 93.7 na hidrojeni 6.3, inayeyuka kwa nyuzi 80. Nyingine ni paradiklorobenzini, karibu nusu ya uzani wake ni klorini, inayeyuka kwa 53. Weka kipande kidogo kwenye kifuko cha plastiki kilichofungwa, kizamishe kwenye maji ya nyuzi 65, ngoja dakika mbili. Kikiyeyuka, si naftalini. Kipimo cha pili hakihitaji moto: tengeneza maji ya chumvi yaliyoshiba, gramu 36 za chumvi kwa mililita 100 za maji, uzito wake ni kama gramu 1.2 kwa mililita. Naftalini inazama kwenye maji ya kawaida lakini inaelea kwenye maji hayo ya chumvi. Paradiklorobenzini inazama kotekote. Kafuri, ambayo nayo huwekwa kabatini, inaelea kotekote. Fanya kazi hii nje au dirisha likiwa wazi, kwani vyote vitatu vinageuka mvuke bila kupitia hali ya kimiminika. Vidonge kupungua kabatini bila kuacha unyevu ndiko huko. Mtoto asivishike.

Mafuta ya moyao (shea) ya Acholi na Lango, kwa upande mwingine, hayana kiwango kimoja cha kuyeyuka. Yanaanza kulegea kwenye thelathini na kidogo na kumaliza arobaini na kitu. Ni mchanganyiko wa mafuta mbalimbali kwa asili yake, kwa hiyo anayekuuzia moyao "safi kikemikali" anakuuzia maneno. Safi kwa maana ya kutoghushiwa, sawa. Nta ya mshumaa ni vivyo hivyo.

Tuje Katwe, maana ndiko somo hili lote linapoonekana kwenye kitu kimoja. Ziwa Katwe liko ndani ya kreta wilayani Kasese, halina mto unaotoka, na jua limekuwa likikausha maji yake na kuacha chumvi kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Pembeni watu wamegawa maji kwa kuta za udongo kuwa viraba, chumvi inaganda humo. Katikati ya ziwa wanaume wanavunja mawe ya chumvi kutoka sakafuni na kuyasukuma hadi ukingoni kwa vyelezo. Sokoni yote inaitwa chumvi. Kikemia ni mchanganyiko wa kloridi ya sodiamu, salfeti ya sodiamu, na kaboneti pamoja na bikaboneti ya sodiamu, ile tunayoiita magadi. Kuna hata fuwele ya madini inayobeba kaboneti moja kwa salfeti mbili ndani ya umbo moja. Kiasi cha kila kimoja kinatofautiana kati ya kiraba na kiraba, kiangazi na masika, hata kati ya tabaka la juu na la chini la kiraba hicho hicho. Maji haya si mchezo: kiwanda cha kusafisha chumvi kilichojengwa hapo kilikwama upesi, mabomba yake yakiwa yameliwa na maji ya chumvi.

Ukitaka kujua una nini mkononi, anza na kaboneti. Weka kijiko cha chumvi iliyosagwa kwenye glasi, kamulia limau. Povu likitokea, kuna kaboneti au bikaboneti. Pitisha gesi hiyo kwenye maji ya chokaa yageuke kama maziwa, umethibitisha. Chumvi ya mezani ya dukani haitoi povu.

Salfeti na kloridi zinahitaji vitu vya maabara, na hapa ndipo wanafunzi wanapoteza alama bure. Shuleni hutumika nitrati ya risasi. Inatoa mashapo meupe kwa kloridi, kwa salfeti, na kwa kaboneti pia, kwa hiyo weupe peke yake haujakuambia lolote. Tia asidi nitriki kwanza hadi povu liishe ili kuondoa kaboneti. Ongeza nitrati ya risasi. Kisha pasha moto hadi ichemke: kloridi ya risasi inayeyuka kwenye maji ya moto na kurudi kama sindano zinazong'aa ikipoa, ilhali salfeti ya risasi inabaki palepale. Nitrati ya bariamu yenye asidi nitriki inatoa mashapo kwa salfeti tu, ndiyo naipenda zaidi kwa chumvi ya Katwe. Ukisahau asidi, kaboneti ya bariamu nayo itaanguka nyeupe na utaapa umeona salfeti. Ukitumia asidi salfyuriki umejitilia salfeti mwenyewe. Risasi na bariamu zote ni sumu. Kilichoguswa nazo hakirudi jikoni wala hakimwagwi kwenye mfereji unaoelekea kisimani.

Kusafisha hadi kupata kloridi ya sodiamu yenyewe kunawezekana kwa vifaa vya kawaida vya shule, kwa mavuno madogo. Chukua gramu 100 za chumvi ghafi iliyosagwa, iyeyushe katika mililita 250 za maji moto, uichuje kwa karatasi ya kuchujia. Tope na mchanga vinabaki. Mimina asidi hidrokloriki ya molari 2 (moli mbili kwa lita) kidogo kidogo huku ukikoroga hadi povu likome. Kama ghafi ina gramu 10 za kaboneti, itakula asidi kama mililita 95. Kaboneti hiyo haikupotea bure, imegeuka kloridi ya sodiamu, maji na hewa ya kaboni. Sasa chemsha hadi ujazo ubaki kama mililita 170, kisha chuja ikiwa bado moto. Kwa ghafi yenye chumvi halisi asilimia 80 hivi, utapata fuwele kama gramu 25. Ndiyo, robo tu. Nyingine imebaki kwenye maji pamoja na salfeti, na hapo ndipo ilipo siri yote: unaiacha kwa makusudi.

Tamaa ya kupata zaidi ndiyo inayoharibu. Ukiendelea kuchemsha hadi maji yakauke, umerudisha kila kitu ulichokuwa umetenganisha, salfeti ikiwemo. Ukizima moto na kuacha bika lipoe usiku kucha mahali penye baridi kama Kabale, salfeti huweza kuganda ikiwa imebeba molekuli kumi za maji kwa kila moja yake. Fuwele hizo ni kubwa, angavu, nzuri machoni, na wanafunzi huzichagua wakidhani ndizo chumvi safi. Zaidi ya nusu ya uzani wake ni maji. Ziweke juani nusu siku, zitafifia kuwa unga mweupe, wakati kloridi ya sodiamu itabaki na kingo zake za mchemraba. Chumvi halisi haibadiliki sana kwa joto: mililita 100 za maji zinabeba gramu 36 zikiwa vuguvugu na 39 zikichemka, basi kupoza peke yake hakukupi kitu. Salfeti inaruka kutoka gramu 5 kwenye nyuzi 0 hadi karibu 50 kwenye 32. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kazi yote hii iwezekane.

Osha fuwele kwa maji yaliyokenekwa, baridi, mililita 10 na zisizidi. Kila mililita 10 inaondoka na gramu 3.6 za chumvi yako, kwa hiyo anayeosha mara tatu kwa kikombe atabaki na karatasi. Usitumie sufuria ya alumini hata hatua moja. Kaboneti inaila kabla hujatia asidi, na asidi inaila baadaye. Bakuli la kauri au kioo. Unapokausha, funika: fuwele zimefungia vitone vya maji ndani, zinapasuka na kuruka hadi machoni. Na chumvi hii ya maabara haiendi mezani, hata ikiwa nyeupe vipi. Haina madini joto, na umeitengeneza katika vyombo vilivyopitia mengine.

Ikishakuwa safi, asili yake imefutika. Sodiamu asilimia 39.3, klorini 60.7, iwe ya Katwe, ya Bahari Hindi au ya mgodini. Mfaransa Joseph Louis Proust alilitetea jambo hili mwishoni mwa karne ya 18 kwa kaboneti ya shaba: iliyochimbwa na aliyoitengeneza mwenyewe zilikuwa na uwiano mmoja. Wapo wanakemia wakubwa waliombishia kwa miaka.

Uwiano huo unaweza kuupima kwa mizani, na njia nyepesi ni bikaboneti ya sodiamu ya dukani. Ikipashwa moto inatoa maji na hewa ya kaboni, inabaki kaboneti. Gramu 10 lazima zibaki 6.31. Kama mizani yako inasoma gramu nzima tu, tumia gramu 100 utegemee 63. Itandaze isizidi nusu sentimita, nyuzi 200 kwa nusu saa, koroga mara moja moja. Unga utaonekana kama unatokota, ni gesi inapita. Funika, poza, pima. Rudisha dakika kumi, pima tena, hadi vipimo viwili vilingane. Ukibaki na 6.8, haijamaliza. Ukibaki na chini ya 6.3, unga uliruka au ulikuwa na unyevu. Ukigeuka kahawia na kunuka mkate ulioungua, ulinunua bekingi poda, ambayo ina wanga. Tone la iodini lingeigeuza bluu nyeusi na kukuokoa nusu saa.

Jiwe la magadi nalo linapimika hivyo. Magadi safi ya asili yakifika uzani usiobadilika yamepoteza asilimia 29.7. Kausha jiwe kwanza juani, usilikaushie motoni, maana magadi yanaanza kuvunjika kwenye nyuzi sitini. Tuseme gramu 10 za jiwe la Katwe zimepoteza 0.89. Gawanya kwa 0.297, unapata magadi gramu 3. Lakini huenda sehemu ya upungufu huo ni unyevu tu, kwa hiyo chukua gramu 10 nyingine za jiwe lile lile, zitie kwenye chupa iliyokwisha kupimwa pamoja na asidi hidrokloriki ya molari 2, mililita 70 zinatosha hata kama jiwe lote ni magadi, na uzito wa asidi uingie kwenye hesabu. Ziba mdomo kwa pamba ili matone yasiruke, tikisa, pasha uvuguvugu uitoe gesi iliyoyeyuka, pima. Gramu 3 za magadi zinapaswa kutoa hewa ya kaboni gramu 1.17. Ukipata hapo karibu, vipimo viwili vimekubaliana. Ukipata 0.6, jiwe lako lilikuwa na maji mengi kuliko ulivyodhani, lirudishe juani uanze upya.